Aliyefunga Mlango

Mbwa hapoi kwa jasho kama binadamu. Tezi zake za jasho ziko nyayoni, nazo joto likizidi hazimsaidii sana. Anachotegemea ni kuhema. Hutoa ulimi nje, huvuta pumzi za harakaharaka, na unyevu unapokauka ulimini na kooni huondoka na joto la mwili. Njia hiyo inamfaa mradi hewa anayoivuta ni kavu na ya baridi kuliko mwili wake. Mfungie ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kuhema kwenyewe kunamgeukia: kila pumzi inaongeza mvuke katika hewa ileile, mvuke unazuia ulimi usikauke, naye anazidi kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likishapita 41, utumbo, figo, ubongo na damu yenyewe huanza kuharibika.

Gari hujifanya tanuri upesi kuliko watu wanavyofikiri. Mwanga wa jua hupenya kioo, ukapasha moto dashibodi, viti na usukani, na joto linalotoka kwenye vitu hivyo kioo hakiliachii litoke. Mwaka 2005 watafiti wa California walichapisha vipimo walivyochukua kwa siku 16 za jua, joto la nje likiwa kati ya nyuzi 22 na 36. Ndani ya gari lililofungwa lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Nyuzi 22 ni asubuhi ya kawaida Nairobi, ambayo hakuna Mnairobi atakayeiita ya joto. Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Februari zina jua kali zaidi, na juu yake unyevu wa bahari ambao unamnyima mbwa hata ile nafuu ya kuhema.

Hakuna mapokeo ya kale yaliyolijua gari. Lakini kiu yaliijua, jua kali yaliliona, na kumfungia kiumbe mahali asipoweza kutoka yalikujua vizuri sana. Nimejaribu kuyasoma machache bega kwa bega na sheria za leo, nikitafuta jambo moja: deni la mbwa huyu liko kwa nani?

Nianze kwetu. Waislamu wengi wa Pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wamaliki wana rai nyingine, kwao mbwa aliye hai ni tohara. Juu ya hukumu hiyo ya Kishafi desturi ikaongeza yake: mbwa akafukuzwa kwa mawe, na watu wakaona kwamba kiumbe mwenye najisi nzito ni kiumbe asiye na uzito. Vitabu vya madhehebu hayohayo havisemi hivyo. Msafiri mwenye maji kidogo, akiwa na mnyama mwenye kiu ambaye sheria inamheshimu, humwachia mnyama maji yale na yeye akatayamamu, yaani akajitoharisha kwa udongo. Mbwa wa kuwinda au wa kulinda yumo katika wanyama hao. Mate yake yanatengua tohara ya chombo, na kiu yake inatangulia udhu.

Hadithi ya kisima inajulikana na wengi. Mtu alikuwa safarini akashikwa na kiu kali, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa anahema, analamba udongo wenye maji. Akatambua kwamba kiu iliyompata mbwa ni ileile iliyokuwa imempata yeye. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Katika riwaya nyingine aliyesamehewa ni mwanamke kahaba wa Bani Israili, naye mbwa alimwona siku ya joto akizunguka kisima, ulimi nje. Riwaya zote mbili zinaanza na dalili ambayo daktari wa mifugo angeitaja kwanza. Tena hatuambiwi kwamba mtu yule aliwapenda mbwa. Aliujua mwili wake, akaufananisha na mwili wa mbwa, basi.

Hata hivyo, kwa suala la gari, hadithi ninayoiona nzito zaidi ni ya paka. Mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Hakumpiga na hakumtia sumu. Angalimwacha huru, paka angalijitegemea na mwanamke yule asingalidaiwa. Deni lilianza pale alipofunga. Tangu mlango ulipofungwa, kila ambacho paka angeweza kujifanyia mwenyewe kilihamia mikononi mwa aliyefunga. Mbwa aliye nje hutafuta kivuli bila kufundishwa na mtu. Huchimba udongo mbichi akaulalia, huhama jua linapohama. Anayemfungia garini amemnyang'anya elimu yake yote ya kujiokoa, na badala yake amempa ahadi ya kurudi mara moja.

Izzuddin bin Abdussalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki Kairo mwaka 1262, aliandika katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam orodha ya haki za wanyama juu ya binadamu: kuwagharimia hata wakizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, kutowabebesha wasichoweza, kutowaweka pamoja na vinavyowadhuru. Aliziita haki, na mwenye haki hasubiri apendwe ndipo apewe. Nasisitiza hapo kwa sababu hatari hii ya gari ina sura isiyotarajiwa: inawapata hasa mbwa wanaopendwa. Asiyemjali mbwa hampakii kwenye gari lake akaenda naye sokoni. Anayempakia ni yule asiyetaka kumwacha nyumbani peke yake.

Mahabharata ya Wahindi ina kisa kinachofaa kusomwa hapa. Yudhishthira na nduguze wanapanda milima kuelekea mbinguni, na mbwa amewafuata. Mke wao na ndugu wanaanguka mmoja baada ya mwingine njiani, anabaki yeye na mbwa. Indra, mfalme wa miungu, anateremka na gari lake la vita, anamwambia apande, lakini amwache mbwa, kwa kuwa mbinguni hakuna nafasi ya wenye mbwa. Hoja ya Indra ni ya unajisi: macho ya mbwa yanaharibu sadaka. Tazama jinsi tunavyokaribiana na watu wa huko. Yudhishthira anakataa kupanda. Kumtupa aliyekukimbilia kwa hifadhi, anasema, ni dhambi sawa na zile kubwa kabisa. Ndipo mbwa anajidhihirisha kuwa ni Dharma mwenyewe, mungu wa haki.

Kisa hicho nakipenda, ila nadhani peke yake hakitoshi kwa zama zetu. Kinafundisha kutotengana, na dereva wa leo amekwisha kuelewa somo hilo: anakwenda na mbwa wake kila mahali. Yudhishthira alilikataa gari kwa sababu mbwa hakuruhusiwa kuingia. Sisi shida yetu imeanza baada ya mbwa kuingia na mwenziwe kushuka.

Wafuasi wa Zarathustra wanalitazama jambo hili hadi mambo yake madogomadogo, na hilo linanivutia. Vendidad, kitabu chao cha hukumu, kinamhesabia mtu dhambi nzito akimpa mbwa wa mifugo au wa nyumbani mifupa migumu mno au chakula cha moto mno, kwa kuwa mfupa waweza kukwama kooni na chakula kikamuunguza ulimi. Mkosaji wa namna hiyo si katili. Ni mtu aliyekuwa akimlisha mbwa wake, akasahau kupima joto kwa mkono. Waparsi wa dini hiyo waliishi Zanzibar kwa miaka mingi jirani na Waislamu wa Kishafi, na sijui kama majirani hao waliwahi kuketi wakazungumza juu ya mbwa. Wangekuta kwamba wanahitilafiana sana juu ya tohara yake na kidogo sana juu ya maumivu yake.

Sheria ya Uingereza ilianzia mahali pengine. Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria ya Richard Martin, mbunge wa Galway, ya kuwalinda farasi, ng'ombe na kondoo wasitendewe ukatili. Mbwa hawakuwamo, waliingizwa mwaka 1835. Fikra ya wakati ule ilikuwa kumwadhibu mtesaji baada ya mateso. Ilichukua mpaka sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 ndipo mwenye mnyama akabebeshwa wajibu wa kumtimizia mahitaji yake kabla hajaumia. Hata leo Uingereza haina kosa mahususi la kumwacha mbwa garini. Polisi wanaweza kuingilia. Mpita njia akivunja kioo, atalazimika kujieleza chini ya sheria ya mwaka 1971 ya uharibifu wa mali kwamba alikuwa na udhuru halali, kwa mfano kwamba aliamini kwa dhati kuwa mwenye gari mwenyewe angekubali kama angeijua hali ilivyo.

Wamarekani wamemtazama mpita njia moja kwa moja. Tennessee mwaka 2015 ilikuwa jimbo la kwanza kuipanua hadi kwa wanyama kinga iliyokuwa ikimlinda mtu anayevunja kioo kumwokoa mtoto. California ilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, yenye masharti yake: hakikisha gari limefungwa, amini kwa sababu ya maana kwamba mnyama yuko hatarini, piga simu kwa mamlaka kwanza, usitumie nguvu kuliko inavyohitajika, kisha baki na mnyama mpaka wafike. Sheria za aina hii huitwa za Msamaria mwema, kutoka mfano ulio katika Injili ya Luka. Msamaria yule alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Yeye alitembea kwa miguu, na mnyama akafanya nusu ya kazi ya huruma ile.

Kati ya kisima na maegesho kuna tofauti ambayo hadithi haikuhitaji kuishughulikia. Aliyeshuka kisimani hakuvunja mali ya mtu. Kioo cha gari kina mwenyewe. Majalla ya Waothmani, iliyokusanya kanuni za fikihi ya Kihanafi kati ya mwaka 1869 na 1876, inasema katika kifungu cha 33 kwamba dharura haiiondoi haki ya mwingine: mwenye njaa anayekaribia kufa aruhusiwa kula chakula cha mtu, kisha alipe. Ukilipima gari kwa mizani hiyo, mwokozi avunje na bili ya kioo imfuate. California inamfutia bili. Mimi si mwanachuoni wala wakili, lakini hapa naona mizani zote mbili zinaihitaji hadithi ya paka. Njaa ya yule mlaji haikuletwa na mwenye chakula. Joto la mbwa lililetwa na mwenye gari, kwa mkono wake mwenyewe. Dharura ni yake, na kioo ni gharama ya dharura yake.

Hapa Afrika Mashariki tunazo sheria. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Kwetu gari la hatari mara nyingi ni la kazi. Ni pikapu ya ulinzi yenye sanduku la bati nyuma, mbwa ndani, imeegeshwa juani kati ya lindo na lindo huku askari wakipokezana. Bati halina kioo lakini linajua kupata moto. Mbwa yule hapendwi kama mtoto, ila ni mlinzi, na kwa fikihi ya Kishafi ni mnyama wa kuheshimiwa. Anayesimamia zamu aonyeshwe matundu ya hewa, maji na kivuli kabla hajapewa funguo.

Wanaosoma Suratul Kahf kila Ijumaa wanamjua mbwa wa vijana wa pangoni, aliyenyoosha mikono yake kizingitini. Aya iliyotangulia inaeleza pango lenyewe: jua likichomoza linainamia kando ya pango upande wa kulia, likitua linawapita upande wa kushoto, nao wako katika uwazi wake. Wafasiri wamelizungumza sana jua lile. Mbwa yule alipewa kivuli asubuhi na jioni, hewa ya kutosha, na mlango usiofungwa.

Ukimkuta mbwa garini ameregea, ute mzito mdomoni, ufizi mwekundu sana au ameanza kuyumba, mwite mlinzi wa maegesho atangaze namba ya gari, na mwingine apige simu polisi wakati huohuo. Mbwa akishatoka, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, mpe maji anywe kidogokidogo kama anaweza kumeza, usimlazimishe. Mpoze kwanza, ndipo safari ya kwa daktari wa mifugo ianze, vioo vikiwa wazi. Nenda hata kama amesimama na kutikisa mkia, maana figo na mgando wa damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye, mbwa akiwa amelala nyumbani na kila mtu ameshapumua. Na daktari aambiwe saa ambayo mlango ulifungwa.