Mwaka ambao Mwiki ilikosa pa kwenda

Kwa miaka mingi, ukimuuliza mkazi wa Mwiki atakula Krismasi wapi, alikutajia mahali pengine: Murang'a, Kirinyaga, Meru, Machakos, Siaya, Kakamega. Mwiki palikuwa pa kulala. Palikuwa pa kulipia kodi, pa kuamka saa kumi na moja alfajiri ukimbilie gari la mjini, na pa kurejea usiku na mkate na fungu la sukuma wiki mkononi. Sherehe zilikuwa na kwao, na kwao hakukuwa hapa. Mwaka wa 2020 ndio uliovuruga mpango huo. Kwa maoni yangu, atakayeandika historia ya mtaa huu bila kuuweka mwaka ule katikati atakuwa ameandika historia ya mtaa mwingine.

Mgeni kwanza ajue kwamba Mwiki ni mbili. Tangu uchaguzi wa 2013, wa kwanza chini ya kaunti 47, jina hilo linabebwa na wadi mbili zilizopakana: moja iko eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, pamoja na majirani kama Mwihoko na Kiuu, ya pili iko eneobunge la Kasarani, Kaunti ya Nairobi. Mpaka huo una maana siku ya kupiga kura, siku ya kutafuta basari na siku ya kulipia leseni ya duka. Siku nyingine mtu hulala upande huu, akanunua nyanya upande ule, na akapanda gari lolote litakalotangulia, liwe 17B la kupitia Kasarani au lile la Githurai 45.

Kabla ya haya yote palikuwa shamba. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na ukanda wote wa Ruiru hadi Thika ukawa nchi ya walowezi, kahawa huku na katani kule. Baada ya uhuru, kampuni na vyama vya kununua ardhi vilikusanya hisa za wanachama, vikayanunua mashamba hayo kisha vikayakatakata. Hisa ikageuka ploti ya futi 50 kwa 100. Wa kwanza walipanda mahindi na kufuga ng'ombe mmoja. Waliofuata walijenga vyumba vya mabati vya kukodisha, na waliokuja baada yao wakaenda juu, ghorofa nne, tano, sita, dirisha la huyu likitazama jiko la yule.

Kisha ikaja barabara. Thika Road ilijengwa upya kati ya 2009 na 2012, kilomita 50 hivi, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Kuishi Ruiru na kufanya kazi Nairobi kukawa jambo la kawaida kabisa. Sensa ya 2009 iliikuta Ruiru na watu 238,858. Ya 2019 ikaikuta na 490,120. Mji uliongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, na wengi wa waliouongeza walikuwa na bibi, babu na shamba mahali pengine. Hao ndio waliokuwa Mwiki mwaka 2020 ulipoanza.

Januari ilikuwa kama Januari zote, karo na sare na madeni ya Desemba. Tarehe 4 Februari Rais mstaafu Daniel arap Moi akafariki, na Jumanne ya tarehe 11 ikatangazwa siku ya mapumziko kwa ajili ya ibada yake uwanjani Nyayo. Sikukuu ya aina hiyo, isiyo na kuku wala safari, mtu wa Mwiki huitumia kufua nguo. Kamba zilijaa, na maji nayo yakawa shida, kama kawaida.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Wengi wetu tulidhani ni mambo ya wiki mbili. Mtaa ambao shule za kibinafsi ziko karibu kila kona ukaamka Jumatatu bila kengele na bila basi la njano, na watoto wakamiminika kwenye ngazi na viwanja vya kuegeshea magari. Walimu wa shule hizo hawakuajiriwa na serikali. Karo ilipokatika, mshahara ukakatika vilevile, na wapo walioonekana mwezi wa tano wakiuza mayai, barakoa na vitunguu kando ya barabara. Wengine hawakurudi tena darasani.

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa Kilimani, saa moja ni saa ya kufunga pazia. Kwa anayetoka kazini Industrial Area aje Mwiki, saa moja huwa bado yuko Thika Road. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane, nauli ikapanda, foleni za stejini zikarefuka, na ikifika saa kumi na mbili unusu watu walikuwa wakitembea kwa mguu, wengine wakikimbia. Woga huo ulikuwa na sababu. Usiku wa tarehe 30 Machi mtoto wa miaka 13, Yassin Moyo, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko. Tangu hapo hata roshani zetu zilikuwa tupu usiku.

Hata hivyo, jambo lililoigeuza Mwiki lilikuja Jumatatu ya tarehe 6 Aprili. Rais alitangaza kwamba kuanzia saa moja jioni ya siku hiyohiyo hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake. Upande wa Mombasa Road mpaka ukawekwa Athi River. Upande wetu ukawekwa kwenye daraja la Mto Chania, Thika. Mto huo, ambao abiria wengi huuvuka wakisinzia, ndio unaotenganisha Kiambu na Murang'a. Ghafla ng'ambo yake kukawa nchi nyingine. Wadi mbili za Mwiki, moja ya Kiambu na moja ya Nairobi, zikajikuta ndani ya ua mmoja, na Ijumaa Kuu ilikuwa siku nne mbele.

Waliowahi kuondoka ni wale waliokuwa tayari na nauli mfukoni. Wengine wote wakabaki, na hapo ndipo Mwiki ilipoanza kufanya kitu ambacho haikuwahi kulazimika kufanya: kusherehekea sikukuu ikiwa imejaa. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo Pasaka ya tarehe 12 Aprili iliingia nyumbani kwa redio, runinga na simu. Asubuhi ile ungesimama kwenye ngazi za ghorofa ukasikia redio ya Inooro mlango wa kwanza, Musyi mlango wa pili, Ramogi juu na Mulembe chini, kila mtu akiomba kwa lugha ya kwao kwenye ukuta wa matofali ya inchi sita. Palipokuwa na pesa, majirani walichangishana wakanunua mbuzi. Palipokosekana, unga wa chapati uligawanywa. Watu walioishi mlango kwa mlango miaka mitatu wakijuana kwa salamu tu ndio kwanza waliulizana majina ya watoto.

Nisije nikaufanya mwaka ule kuwa mtamu. Wenye nyumba wengine walisamehe kodi ya mwezi. Wengine waling'oa milango. Baba aliyekuwa fundi wa ujenzi alikaa nyumbani akitazamwa na watoto wanne na mke ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, na si kila nyumba ilitoka salama katika kutazamana huko. Lililoumiza kuliko yote lilikuwa matanga. Mazishi yaliruhusiwa kuwa na watu wachache tu, na kuvuka mpaka kwenda kuzika kulihitaji kibali. Kuna waliowaaga wazazi wao kwa kutazama kaburi kwenye simu, wamekaa kitandani Mwiki, bando ikikatika katikati ya sala. Mtu aliyepitia hayo humwambii habari ya mbuzi wa Pasaka.

Ramadhani nayo iliingia mwishoni mwa Aprili. Magharibi huku kwetu huwa karibu saa kumi na mbili unusu, na kafyu ilikuwa saa moja. Maana yake tende, uji na sambusa vililiwa ndani, kila familia kivyake, na tarawehe ikasaliwa sebuleni kwa meza kusogezwa ukutani. Idd-ul-Fitr ilifika mwishoni mwa Mei bila swala ya uwanjani. Majirani Wakristo waliozoea kupelekewa sahani ya pilau bado waliletewa, ila safari hii sahani iliachwa mlangoni na mgeni akarudi nyuma hatua kadhaa.

Sikukuu za taifa zilipita kwa mbali. Madaraka ya tarehe 1 Juni iliadhimishwa Ikulu, Nairobi, na wageni wachache, na huku mtaani watu walisubiri jambo moja tu kutoka kwenye hotuba: mtafungua lini? Jibu lilikuja kwa vipande. Tarehe 6 Juni kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku, na muuza mutura akapata tena saa zake mbili za dhahabu. Tarehe 6 Julai ikatangazwa kwamba kuanzia saa kumi alfajiri iliyofuata daraja la Chania liko wazi. Makanisa na misikiti nayo yaliruhusiwa kufunguliwa, waumini wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, bila walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58. Mwiki makanisa mengi ni ya mabati na yana waumini chini ya mia, kwa hiyo sharti la hesabu halikuyasumbua. Lililoyasumbua lilikuwa la umri, maana kanisa la mtaani bila watoto na bila akina nyanya limebaki na nani?

Ungetarajia kila mtu akimbilie mashambani siku ileile. Walikwenda wengi, lakini wengi vilevile walibaki, na kwa sababu zisizo za mapenzi. Pesa zilikuwa zimekwisha. Mkono mtupu haulambwi, na mtu aliyekosa kazi miezi mitatu haendi kumtazama mama yake machoni bila hata kilo ya sukari. Tena kulikuwa na hofu ya kuwapelekea wazee ugonjwa. Sukari ya mama ikapitia kwenye simu. Tangu katikati ya Machi hadi tarehe 31 Desemba kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, basi aliyetaka kutuma 3,000 alizikata mara tatu. Ukipitia taarifa zako za M-Pesa za mwaka ule utaona jinsi familia yako ilivyoishi, kipande kwa kipande.

Oktoba, wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi shuleni. Wengine walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Mashujaa iliadhimishwa Kisii, nasi tukaitazama kwenye runinga.

Desemba ikaja na mambo mawili. Gari moshi la abiria la Nairobi hadi Nanyuki lilirudi relini baada ya miaka mingi, likipita Githurai, Ruiru na Thika kwa nauli ya shilingi 200 tu kwa daraja la chini, wakati matatu za kwenda mashambani, kama kila Desemba, zilikuwa zimepandisha bei. Na kafyu, iliyokuwa ikianza saa nne usiku tangu Novemba, haikuondolewa kwa ajili ya Mwaka Mpya. Kesha, ule usiku ambao makanisa ya mabati ya Mwiki huimba mpaka majogoo, lilifanywa mchana au halikufanywa kabisa. Saa sita usiku watu walipiga sufuria kwenye madirisha.

Wapo wanaosema mambo yalirudi kama zamani. Sikubaliani nao. Machi 2021 Kiambu na Nairobi zilifungwa tena pamoja na Machakos, Kajiado na Nakuru, na Pasaka ya pili mfululizo ikatukuta hapahapa; mara hii hakuna aliyeuliza la kufanya. Chama cha ploti kilikuwa tayari na pesa ya mbuzi. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, sherehe za Mashujaa zikifanyika Wang'uru, Kirinyaga, na Desemba iliyofuata steji zilijaa mizigo kama kawaida. Ila leo ukikaa Mwiki Krismasi hakuna anayekuuliza ni nini kilikushinda. Kuna watoto waliozaliwa na kulelewa hapa ambao ukiwauliza kwao ni wapi, wanakutajia steji.

Hotuba za mwaka ule zimehifadhiwa. Maisha ya mtaa hayajahifadhiwa popote. Yamo kwenye daftari za vyama, kwenye vibali vya kuvuka Chania, kwenye orodha za waumini waliopimwa joto mlangoni mwa kanisa, na kwenye simu zilizopasuka vioo ambazo watu wanataka kuziuza kwa fundi. Kama unayo daftari ya aina hiyo, usiwashie jiko. Andika tarehe kwenye jalada, mpe anayejua kutunza, na picha zihamishe kabla simu haijazima.