Mkwaju Ulioanzia Kwenye Karatasi

Vijana ninaowafundisha kazi ya seva hudhani njia za mkato za kibodi ni mbwembwe za watu wenye haraka. Ukweli ni kwamba zilizaliwa na mashine zilizokuwa zikijikongoja.

Mwaka 1969, Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliandika ed, programu ya kuhariri maandishi. Hapakuwa na skrini. Mtu alikaa mbele ya Teletype Model 33, mtambo uliopiga kelele kama cherehani ukichapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 ulikula zaidi ya dakika 3, basi nani angeuchapa wote kwa ajili ya mstari mmoja? Ndiyo maana amri nyingi za ed ni herufi moja tu. Ukiandika mkwaju (/), neno, kisha mkwaju tena, ilikuletea mstari unaofuata wenye neno hilo. Ukiweka alama ya kuuliza badala ya mkwaju, ilitafuta kwa kurudi nyuma.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo endeshi ambao ed ilikuwa sehemu yake, ulitoka tarehe 3 Novemba 1971. Skrini zilipoenea, Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, alitengeneza vi, programu nyingine ya kuhariri, akitumia mashine ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya H, J, K na L. Karatasi ikaondoka, mkwaju ukabaki. Nadhani hakuona sababu ya kuwasumbua watu waliokwisha kuuzoea.

Kusoma miongozo kwenyewe kulikuwa na kero yake. Programu ya more, aliyoiandika Daniel Halbert mwaka 1978, ilikupeleka mbele. Kurudi juu ilikuwa shida. Kati ya 1983 na 1985 Mark Nudelman akaandika less ili msomaji apande na kushuka atakavyo. Ndiyo ambayo amri ya man, inayofungua miongozo, huitumia kwenye Linux nyingi leo, na humo pia mkwaju hutafuta.

Siku hizi hata GitHub na miongozo ya lugha ya Rust hufungua kisanduku cha kutafutia ukibonyeza mkwaju. Wapo wanaopigia debe Ctrl na K. Vitufe viwili kwa kazi ya kimoja? Kwangu hiyo ni anasa.

Kama una Linux karibu, andika man ls, bonyeza mkwaju, andika sort, piga Enter, kisha endelea kwa n. Ukimaliza, q. Kipanya usikiguse.