Ndugu Mmoja, Mtu Baki Mmoja: Nani Ashuhudie Wosia?

Mtu anayeandikisha wosia kwa wakili mjini, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingi haulizwi ndugu zake ni akina nani. Huitwa karani wa mapokezi na kijana aliye katika mafunzo ya uwakili, wakatia sahihi chini ya ile ya mteja, mhuri ukagongwa. Hoja ya ofisi ni kwamba wawili hawa hawamjui mteja wala hawamrithi, kwa hiyo hakuna mashahidi bora kuwashinda. Makala hii inapinga neno “bora”.

Kwamba anayenufaika na wosia asiushuhudie, sina ugomvi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya 1837 ilikwisha kuamua kwamba zawadi kwa shahidi au mwenzi wake hubatilika, huku wosia wenyewe ukisimama. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinafuata mkondo huohuo, ila kinaiokoa zawadi hiyo endapo wapo mashahidi wengine wawili wasio na masilahi. Kosa huanzia pale kutorithi kunapofanywa sifa pekee ya shahidi, mtu akachaguliwa kwa kutojua kwake.

Tanzania Bara ina kanuni inayofikiri vingine kabisa, nayo husomwa kwa nadra kuliko inavyostahili: Sheria za Wosia zilizomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililokusanya sheria za mila. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hutaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika huhitaji wanne, wawili kwa wawili. Mashahidi hao sharti wawe wanajua kusoma na kuandika. Tena mke au wake waliopo nyumbani wakati huo hushuhudia pamoja nao.

Tazama hesabu hiyo inavyofanya kazi. Mtu wa ukoo analeta ujuzi: ndiye atakayeiambia mahakama kwamba mwezi ule mzee alikuwa hawatambui wajukuu zake, au kwamba alikuwa timamu na alitaja mipaka ya shamba mwenyewe. Mtu baki anamchunga huyo wa ukoo asipindishe jambo. Na kwa asiyejua kusoma, ambaye ndiye rahisi kuandikiwa asichosema, idadi inaongezeka maradufu. Karani wa wakili, akiitwa miaka 15 baadaye, atasema “sahihi hii ni yangu”, na hapo ushahidi wake umekwisha. Kesi za mirathi haziishii kwenye sahihi. Huulizwa kama marehemu alikuwa na akili zake, na nani alikuwa amemshika mkono.

Linganisha na kifungu cha 11 cha sheria ya Kenya, ambacho hakidai mashahidi wawepo pamoja kwa wakati mmoja. Kila mmoja anaweza kutia sahihi siku yake, akiwa na mtoa wosia peke yake. Kuchungana kunakosekana.

Nitaambiwa kwamba ukoo ndio chanzo cha shinikizo, na kwamba tangazo hilohilo linawanyima wajane urithi. Ni kweli, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliiona Tanzania imekiuka haki za wajane wawili kwa kanuni hizo. Kanuni za mgawo zifutwe, hata kesho. Lakini kanuni ya ushuhuda haiangukii humo: ndiyo inayomweka mke mbele ya karatasi, jambo ambalo ofisi ya wakili haimfanyii. Kuhusu siri, shahidi wa wosia ulioandikwa anaweza kushuhudia sahihi bila kufunuliwa mgawo.

Mhuri wa kamishna wa viapo nao haujazi pengo. Mahakama ikiona kwamba maisha ya marehemu yalifuata mila, wosia wenye makarani wawili na mhuri unaong’aa umo hatarini, kwa kuwa hauna mtu wa ukoo hata mmoja. Wakili makini, na vilevile RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaoandika na kutunza wosia, wangekuwa na nafasi mbili kwenye fomu zao, ya ndugu asiyerithi na ya mtu baki, hata pale sheria nyingine isipozidai.

Linabaki suala la mjomba. Katika jamii za kuumeni, ambazo ndizo tangazo lilizilenga, yeye si wa ukoo wa mpwa wake wala kwa kawaida hamrithi, ilhali anamfahamu tangu utotoni. Kwa maoni yangu ahesabiwe katika nafasi ya mtu baki, na sidhani kama yupo wa kumzidi hapo.