Kucheua kwa watoto wanaonyonya (Eastlands, Nairobi)

Kucheua ni kurudi kwa maziwa kutoka tumboni hadi mdomoni mwa mtoto mchanga bila yeye kujikakamua. Hutokea wakati wa kunyonya au muda mfupi baadaye, mara nyingi pamoja na hewa, na maziwa hutiririka kidevuni au begani kwa aliyembeba. Kutapika ni jambo jingine: tumbo hujikaza na kilichomo hutoka kwa nguvu. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi inayoitwa kwa jumla Eastlands, kuanzia Pumwani, Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole, Dandora na Pipeline, watu wengi husema tu kwamba mtoto anatapika, na anayecheua mara sita kwa siku huishia kupewa dawa ya ugonjwa asio nao. Kwa watoto walio wengi kucheua si ugonjwa. Mara nyingi kinachomdhuru mtoto ni yale anayopewa ili aache.

Chanzo

Mahali umio unapoungana na tumbo pana msuli wa mviringo unaofunguka chakula kinapopita, kisha ukajifunga. Kwa mtoto wa wiki chache msuli huo hulegea ovyo, hata wakati hamezi kitu. Umio wake ni mfupi, tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni majimaji, na sehemu kubwa ya siku amelala. Maziwa yakipanda, hayana pa kuzuiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kutoka eneo la Chicago, Marekani, ulionyesha kuwa nusu ya watoto wa chini ya miezi 3 walicheua angalau mara moja kwa siku. Kiwango kilipanda hadi asilimia 67 katika umri wa miezi 4, kikashuka hadi asilimia 5 kati ya miezi 10 na 12. Kwa hiyo mtoto anayecheua zaidi akiwa na miezi 4 kuliko alivyocheua akiwa na miwili huwa anafuata mkondo wa kawaida, ingawa mamake anaona mambo yanaharibika.

Maziwa ya mama huondoka tumboni upesi kuliko maziwa ya kopo, hivyo kumhamishia mtoto kwenye kopo ili aache kucheua ni kwenda kinyume. Hata hivyo wako wanaocheua kwa sababu maziwa ni mengi na yanatoka kwa kasi. Mtoto hukohoa titini, huachia chuchu, humeza hewa nyingi, na sehemu ya alichomeza hurudi. Mzazi wa Nairobi hulishwa njahi, supu ya mifupa, uji wa wimbi na chai ya maziwa na kila mgeni anayekuja kumwona, yote ili maziwa yasipungue, na kwa wengine hayakuwa yamepungua.

Maziwa yanayorudi yakiwa na mabonge na harufu ya uchachu huwatia watu wasiwasi kuliko yale meupe laini. Tofauti yake ni muda tu. Asidi ya tumboni imekwisha kuyagandisha, na hiyo ndiyo kazi yake. Kiasi nacho hudanganya macho, maana kijiko kimoja kikienea kwenye leso huonekana kama mlo mzima.

Mwezi wa nne

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Anayefanya kibarua katika viwanda vya Industrial Area, anayeuza mitumba Gikomba au anayefua nguo za watu Buruburu na Donholm hurudi kazini mapema zaidi, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Mtoto huachiwa nyanya yake, jirani, au mwanamke anayelea watoto wa wengine katika chumba kimoja. Basi wakati ule ule ambapo kucheua kunafika kileleni, mtoto anabadilisha mikono. Mlezi mpya, mwenye watoto kadhaa wa kuangalia, anaona maziwa yakirudi na kutoa hukumu: ya mama ni mepesi, au yamechacha kwa kukaa kifuani mchana kutwa. Uji unaletwa.

Hukumu hiyo haina msingi. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa salama kama saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku 4 kwenye friji. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ina benki ya maziwa ya mama tangu 2019, ya kwanza nchini. Huko maziwa yanayotolewa na akina mama wengine hupashwa moto wa kuua vijidudu na kugandishwa, kisha hupewa watoto wachanga wasioweza kupata ya mama zao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo huwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, agizo ambalo muuzaji wa Gikomba hana wa kumdai.

Utafiti wa mitaa ya Korogocho na Viwandani uliotolewa mwaka 2011 uligundua kuwa ni kama asilimia 2 tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kitaifa, takwimu za afya za mwaka 2022 ziliweka kiwango cha unyonyeshaji wa aina hiyo kwenye asilimia 60. Kucheua hakuwezi kubeba lawama yote ya pengo hilo: kuna njaa ya mama mwenyewe, kuna kazi, kuna ushauri wa kila jirani. Lakini ni mojawapo ya milango ambayo uji hupitia. Inafaa kutaja pia kwamba wahudumu wa jamii walipopelekwa nyumba kwa nyumba katika mitaa hiyo hiyo miaka michache baadaye, kiwango kilivuka nusu. Mama aliyeelezwa mapema nini kitatokea hakubali uji kirahisi.

Dawa, uzi na wembe

Kinachonunuliwa kwanza ni gripe water. Dawa hii ilianzishwa na mfamasia William Woodward mjini Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa vizazi kadhaa ilikuwa na pombe ndani yake, jambo linaloeleza kwa nini watoto walitulia. Pombe iliondolewa baadaye, na chupa za leo kwa kawaida huwa na mafuta ya mbegu za bizari au mitishamba mingine, nyingi pamoja na magadi ya sodiamu. Hakuna ushahidi madhubuti kwamba inapunguza kucheua. Inachofanya bila shaka ni kuingiza mdomoni mwa mtoto wa chini ya miezi 6 kitu kisicho maziwa ya mama, kwa kijiko ambacho usafi wake unategemea mgao wa maji wa wiki hiyo. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo nazo hazimfai mtoto anayecheua huku akinenepa, na miongozo ya madaktari wa watoto inazikataza kwa hali hiyo. Antibiotiki aina ya erithromisini ikitolewa katika wiki mbili za kwanza za maisha huongeza hatari ya kuziba kwa tumbo, ugonjwa unaoelezwa hapa chini.

Wengine huona mkono wa mtu: mtoto ametupiwa jicho baya akinyonyeshwa kwenye matatu au sokoni. Hufungwa uzi kwenye kifundo cha mkono au kiunoni, na mama hunyonyesha kwa kujificha. Uzi haudhuru, mradi tu usicheleweshe safari ya kliniki.

Wembe ni hatari ya aina nyingine kabisa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wako wanaokata kimio cha mtoto kwa kisingizio cha kikohozi na kutapika, na wanaochokoa ufizi kung'oa kile wanachokiita meno ya plastiki. Kimio kiko kooni, wakati kinachoruhusu maziwa kurudi kiko chini kabisa ya umio, kwa hiyo kukikata hakuwezi kusaidia kitu. Kunaweza kuleta kutokwa damu kusikokoma, pepopunda, sumu ya damu na maambukizi ya virusi vya Ukimwi.

Kitabu cha kliniki

Kipimo cha kuaminika ni uzito. Kila mtoto hupewa Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto chenye mchoro wa ukuaji, na hupimwa anapopelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyekwisha kurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili hivi, anayeongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, na anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku, ana maziwa ya kumtosha, hata akilowesha leso zote za nyumba. Anayecheua kidogo lakini mstari wake umelala au umeshuka ndiye wa kuhofiwa.

Matunzo yenyewe ni machache. Mtoto ashikwe wima dakika 20 au 30 baada ya kunyonya na atolewe gesi. Asifungwe mgongoni papo hapo, hasa kama kuna ngazi za ghorofa sita za Pipeline za kupanda, kwa maana tumbo lililojaa hubanwa. Mama mwenye maziwa ya kasi anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma, na titi moja liishe kabla ya lingine. Mtoto alazwe chali, bila mto, hata kama anacheua: akilala hivyo njia ya hewa iko juu ya umio, na maziwa yanayopanda humezwa tena kwa urahisi kuliko kuingia mapafuni.

Dalili za hatari

Matapishi ya kijani ni nyongo, na huweza kuashiria utumbo uliojisokota. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Anayetapika kwa kurusha mbali kila anyonyapo, kisha akataka tena kunyonya kwa njaa, hasa akiwa na umri wa wiki 2 hadi 8, huenda lango la chini la tumbo limenenepa na kuziba. Huwapata wavulana kama mara nne ya wasichana, na hutibiwa kwa upasuaji mfupi ulioelezwa na Mjerumani Conrad Ramstedt mwaka 1912. Mtoto aina hii akifikishwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au kituo kingine cha Eastlands, anaweza kutumwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Damu katika matapishi wakati mwingine hutoka kwenye chuchu iliyochanika, lakini aamue daktari. Homa, tumbo lililovimba, utosi uliotuna au kubonyea, mkojo kupungua na mtoto kulegea asitake kunyonya ni mambo yasiyongoja kesho.

Wachache hucheua kwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwa mama. Kwa kawaida wao huwa na dalili nyingine pia, kama vile damu kwenye choo au ukurutu wa ngozi. Hapo kliniki inaweza kumshauri mama aache chai ya maziwa kwa wiki 2 hadi 4 na kuangalia mabadiliko. Asiache kwa kubahatisha, kwa kuwa kwa akina mama wengi wa mitaa hii chai hiyo ni sehemu kubwa ya mlo wa siku.

Kukoma

Kucheua hupungua mtoto anapoanza kuketi na kula vyakula vizito baada ya miezi 6, na kati ya watoto 10, kama 9 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Anayeanza kucheua baada ya miezi 6, au anayeendelea baada ya mwaka mmoja, apelekwe kwa daktari.