Nyota, Karafuu na Forodha: Utabiri wa Bahati ya Mji wa Zanzibar

Tangu mji wa Zanzibar ulipokuwa makao ya Sayyid Said bin Sultan, bahati yake imetabiriwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyota: elimu ya buruji na sayari, inayosomwa katika vitabu vya Kiarabu na kupigiwa hesabu na walimu wa mjini. Ya pili ni biashara: bei ya karafuu na pembe za ndovu, wingi wa majahazi yanayoletwa na kaskazi, kiasi cha ushuru kinachokusanywa forodhani. Njia hizi hazikuwagawa watu makundi mawili. Aliyejua bei ya pembe za Unyamwezi aliweza vilevile kuulizia siku njema ya kuondosha msafara. Swali lilikuwa moja, mwaka ujao utakuja na nini, na majibu yake leo yanapimika kwa kuwa miaka yenyewe imeshapita. Jang'ombe, mtaa wa Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, ni mahali pazuri pa kupimia: umetabiriwa mara kadhaa utakavyokuwa, na kila mara umekuwa vingine.

Wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha mambo mawili. Kujua nyota ili kupata kibla, nyakati za sala na mwandamo wa mwezi ni elimu inayokubalika. Kuziuliza nyota habari za ghaibu ni jambo lililokemewa, na masheikh wa Zanzibar wamelikemea kwa vizazi. Makemeo hayo hayakuwazuia watu kwenda kutazamiwa. Vitabu vilivyotumika ni vilevile vilivyotumika Hadhramaut na Misri, kikiwamo kile kinachonasibishwa na Abu Ma'shar, mnajimu wa Balkh aliyefariki mwaka 886, na vile vya al-Buni, mwandishi wa elimu ya siri za herufi.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuifuata. Mwalimu huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akaipa kila herufi namba yake ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho buruji: 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, 3 ni Jauza, hadi Hutu. Zanzibar ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu hutoa ze 7, nuni 50, jimu 3, be 2, alifu 1 na re 200. Jumla ni 263. Ukigawa kwa 12 inabaki 11, nayo ni Dalu. Buruji hiyo katika mafundisho ya kale ni nyumba ya Zuhali, sayari ya uzito na ucheleweshaji, jambo ambalo mkaazi yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaweza kuliamini bila kutazamiwa. Tatizo ni kwamba mji hauna mama, kwa hiyo hesabu haikamiliki.

Kwa ajili hiyo wanajimu wa miji na dola walitafuta njia nyingine. Moja ni saa ya kuasisiwa. Khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad mwaka 762, wanajimu wake, wakiwamo Nawbakht na Mashallah, walimchagulia wakati wa kuweka msingi. Nyingine ni kukutana kwa Zuhali na Mushtari, tukio linalotokea kila baada ya miaka 20 hivi, ambalo Abu Ma'shar alilifanya kuwa ufunguo wa kupanda na kushuka kwa dola. Hii inaweza kujaribiwa kwa Zanzibar. Sayari hizo mbili zilikutana miaka ya 1842, 1861, 1881, 1901, 1921, 1940–41, 1961, 1980–81, 2000 na 2020. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, uliitenga Zanzibar na Oman. Mwaka 1961 uchaguzi wa Juni ulifuatwa na ghasia zilizoua watu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2020 sayari zilikutana tarehe 21 Disemba, na siku nne baadaye sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ikaporomoka na kuua wafanyakazi waliokuwa katika kazi ya kulitengeneza.

Mtu akiishia hapo ataona falaki imeshinda. Lakini kimbunga cha 1872 hakimo, wala kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873, wala himaya ya Waingereza ya 1890, wala mizinga yao ya Agosti 1896, wala Mapinduzi ya Januari 1964. Hayo ndiyo matukio yaliyougeuza mji, na yote yameangukia mbali na mikutano ya sayari. Mnajimu akijiruhusu mwaka mmoja kabla na mmoja baada ya kila mkutano, anakuwa na miaka 3 katika kila 20, yaani karibu tukio moja kati ya saba litamwangukia bila yeye kujua lolote. Na Beit al-Ajaib lilikuwa limefungwa kwa uchakavu miaka kadhaa kabla ya kuanguka. Wahandisi hawakuhitaji Mushtari kuona nyufa.

Palipokuwa na faida halisi katika hesabu za mbingu ni kwenye Nairuzi. Kalenda hii ya jua, yenye asili ya Uajemi, ina siku 365: miongo 36 ya siku kumikumi na siku 5 za nyongeza. Mabaharia na wakulima wa pwani waliitumia kujua mwongo gani kusi linaanza, lini bahari hufunga, lini mtu apande. Mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi haufai kwa kazi hiyo kwa kuwa hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku ya mwaka bado husherehekewa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Watu hupigana kwa magomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na husemwa kwamba moshi unakoelekea ndiko kunakoonyesha neema ya mwaka. Siku ya wiki ambayo mwaka umeanzia nayo husomwa: mwaka wa Jumapili si sawa na mwaka wa Jumanne, siku ya Mirihi. Nairuzi haina siku ya kurekebisha kila baada ya miaka 4, kwa hiyo husogea karibu siku 24 kwa kila karne na kuachana polepole na misimu. Hata hivyo, katika umri wa mtu mmoja kosa hilo ni dogo, na nahodha aliyeifuata alifika Maskati salama. Ilichokitabiri ni upepo na mvua, vitu vinavyorudi kwa zamu. Haikudai kujua bei.

Bei ilikuwa kazi ya forodha. Katika karne ya 19 masultani hawakukusanya ushuru wenyewe. Walimkodisha tajiri kwa mkataba wa miaka kadhaa. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kachchh, iliishika kazi hiyo kwa miongo mingi, na baadaye Taria Topan, Khoja Ismailia, akaichukua. Ushuru wa bidhaa za kigeni ulikuwa umefungwa na mikataba, wa kwanza ukiwa ule wa Marekani wa 1833, kwenye asilimia 5, kwa hiyo mkodi hakuweza kujilipa kwa kuupandisha. Faida yake ilitegemea wingi wa mzigo tu. Kiasi alichokubali kumlipa Sultani kilikuwa basi utabiri wa biashara ya mji kwa miaka ijayo, ulioandikwa na kutiwa saini. Katika miaka ya 1830 kodi hiyo ilikuwa kama riale 150,000 kwa mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1860 ilipita 300,000. Alichokitazama mkodi kilikuwa wazi: barua kutoka Bombay, habari za misafara ya Tabora, shehena za nguo za merikani kutoka Salem, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, merikani ilipungua na bei yake kupanda hadi ndani ya bara, na mwenye akili forodhani alilijua hilo kabla ya msafiri wa Unyanyembe. Kati ya watabiri wote wa mji huu, mkodi wa forodha ndiye aliyelipa kwa fedha yake kila alipokosea, na ndiye aliyekuwa makini kuliko wote.

Sayyid Said mwenyewe alitabiri kwa ardhi. Alijaza karafuu Mtoni na Kizimbani na kuwahimiza Waarabu wenye mashamba wafanye vivyo hivyo, akiamini bei ya juu aliyoikuta itadumu. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha, na miti ya wote ilikomaa kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1840 na 1850 bei ikaporomoka, na wenye mashamba wakaingia katika madeni kwa matajiri wa Kihindi. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikapiga Unguja, kisiwa ambacho vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havikifiki. Mikarafuu mingi iling'oka na merikebu za Sultani zikaangamia bandarini. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, bei ikapanda, na tangu hapo kisiwa kilichohesabiwa cha pili ndicho kikawa shamba kuu la karafuu. Hakuna mwalimu wala karani aliyelitarajia.

Sayyid Majid, mwana wa Said, naye alitabiri, na alikuwa sahihi ila hakuishi kuona. Katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji mpya kwenye hori la Mzizima, akauita Dar es Salaam, kwa hesabu kwamba biashara ya bara ingetaka bandari ya bara. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash akauacha mji huo ukiota majani. Wajerumani waliufanya makao yao makuu mwaka 1891. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam na 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Vizazi viwili tu vya watu wa Unguja vilitosha kuona bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zilizounganishwa na reli, zikiichukua biashara iliyowatajirisha mababu zao.

Katika karne ya 20 kazi ya kutabiri ilihamia kwa wapimaji ardhi na wachora ramani, na hapo ndipo Jang'ombe inapoingia. Ilikuwa ukingo wa mji, pa mashamba na vibanda; wimbo wa taarabu uliojulikana kwa sauti ya Bi Kidude bado unautaja muhogo wake. Ng'ambo ilipopanuka, wenye viwanja waliona mji utakua na wakapandisha kodi ya ardhi kabla haujakua, mpaka mwaka 1928 wapangaji wakagoma kulipa. Mipango ya mji ikafuatana: wa Lanchester mwaka 1923, wa Kendall mwaka 1958, kisha ule wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakiongozwa na Hubert Scholz. Huu wa mwisho ulitabiri kwamba nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo zitatoweka na mahali pake patasimama majumba ya ghorofa. Majumba ya Michenzani yalianza kupanda chini ya Rais Abeid Amani Karume kwa fedha za karafuu, ambayo bei yake ilikuwa juu mno. Sehemu tu ya mpango ndiyo iliyojengwa. Aliyesimama juu ya ghorofa hizo na kutazama upande wa Jang'ombe aliendelea kuona mapaa ya bati yaliyoshikana, nyumba zikiongezwa chumba kimoja kimoja na wenyewe.

Fedha za karafuu ziliondoka kwa sababu iliyokuwa Jakarta. Indonesia, mnunuzi mkuu aliyeitumia kwenye sigara za kretek, ilipanda mikarafuu yake na katika miaka ya 1980 ikafikia kujitosheleza. Bei ya Zanzibar ikaanguka. Serikali ililegeza biashara kuanzia 1984, na utalii ukachukua nafasi ya zao hilo. Dira ya Zanzibar ya 2020, iliyotolewa mwaka 2000, haikuweza kujua kwamba katika mwaka wake wa mwisho viwanja vya ndege vingefungwa kwa korona: watalii waliokuwa zaidi ya 538,000 mwaka 2019 walishuka mwaka 2020 hadi chini ya nusu. Mwaka 2023 walipita 630,000. Uchumi umeegemea tena kitu kimoja ambacho uamuzi wake hufanyika ng'ambo ya bahari, na hilo linajulikana wazi kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ambayo huchapisha idadi ya wageni kila mwezi.

Utabiri wa nyota haukufa. Kwa miaka mingi Watanzania walisubiri kila Januari maneno ya Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, na magazeti yaliyachapa pamoja na habari za bajeti. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kifo cha ghafla kwa mwanachama wa CCM atakayeshindana na Rais Kikwete ndani ya chama. Utabiri wa aina hiyo haupimiki, kwani unamzuia mtu kujaribu.

Katika miaka ya 2010 Zanzibar ilitayarisha mpango mwingine, Ng'ambo Tuitakayo, unaoitazama Ng'ambo kama kitovu cha mji mkuu badala ya kiambata cha Mji Mkongwe. Safari hii wachoraji walianza kwa kwenda mitaani kuorodhesha kilichopo na kuwauliza wakaazi, na hawakuandika kwamba Jang'ombe itatoweka.