KAHAWA: KUTOKA KWA MASUFI WA YEMEN HADI MLIMA ELGON

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi mwanafunzi mmoja wa madrasa aliniuliza: "Maalim, tukichanganya kahawa ya kijani na nyekundu gunia lijae haraka, ni dhambi?" Nikaona tulijibu swali hili kwa historia.

Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya milimani ya Ethiopia. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikri. Hata maneno yetu "kahawa" na "buni" yametoka katika Kiarabu, qahwa na bunn. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa Makka kwa niaba ya Wamamluk wa Misri, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Lakini amri iliyotoka Cairo baadaye haikukataza kinywaji chenyewe, bali mikusanyiko mibaya ya wanywaji. Tuzingatie hapo: mti hauna kosa, kosa liko katika matendo ya watu.

Huku kwetu mibuni ni ya aina mbili. Robusta, inayolimwa upande wa Jinja na Busoga yote, ni mti wa asili wa Uganda. Bado unaota wenyewe katika msitu wa Kibale. Arabika ililetwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikapenda baridi ya Mlima Elgon, juu ya Mbale. Yote miwili hupandwa vizuri chini ya kivuli cha migomba, hutoa maua meupe yenye harufu nzuri, na huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Tunda la arabika hukaa mtini miezi saba hadi tisa ndipo liwe jekundu. La robusta hukaa zaidi. Mbuni ni mwalimu wa subira.

Mwaka 1954 wakulima wa Mbale waliunda chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Co-operative Union, ili wauze kahawa yao kwa pamoja. Kisha ukaja mtihani. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda sana. Lakini katika utawala wa Idi Amin mkulima alilazimika kuiuzia bodi ya serikali, nayo ilimlipa kidogo mno. Watu wakabeba magunia usiku kuvuka mlima hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya. Ndiyo magendo. Wazee wanaikumbuka kama neema, lakini ilizoesha watu kuishi kwa kujificha, na wengi walihatarisha maisha yao. Dhulma ya aliyepanga bei ilizaa njia za giza.

Tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 mkulima anauza kwa amtakaye. Je, dhulma imekwisha? Mkulima mwenye ada ya shule mlangoni anapukusa tawi zima, mabichi kwa mabivu. Mwingine anaanika kiboko chini kwenye udongo na kuacha mawe ndani. Mnunuzi naye anachezea mizani. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Hasara inarudi kwetu: kahawa mbichi haina ladha, na bei ya kijiji kizima inashuka.

Watoto wetu wanahifadhi Surat al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Wataihifadhi vipi moyoni ikiwa jioni baba anawatuma kuchuma ya kijani?

Basi jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili: ndiyo mwanangu, kumficha mnunuzi ubovu wa mali ni ghushi. Chuma nyekundu tu, anika juu ya turubai, na ukiwa na iliyo mbovu iuze mbali na useme ni mbovu. Nanyi wazazi, msimkaripie atakapowaambia haya.

Allah atujaalie chumo la halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.