Kabla Uokote Jiwe: Mjue Tai Mwenye Taji, Mbabe wa Misitu ya Milimani Ukambani

Ukiwa ushago Makueni ama Kitui na ndege mkubwa apite juu ya boma, neno ni moja tu: "Mwewe!" Watoto wanaokota mawe, susu anakimbiza vifaranga ndani. Lakini si kila mwenye kucha ni mwewe. Kuna mmoja ambaye ukimuua leo, pengo lake halizibiki haraka. Huyo ni tai mwenye taji, na hivi ndivyo utamjua.

Ukubwa wake

Kutoka kichwa hadi mkia anakaribia mita moja. Jike ndiye mkubwa na anaweza kupita kilo 4. Usicheke hizo kilo, maana huyu jamaa huangusha wanyama wazito kumliko. Kucha ya nyuma ndiyo silaha yenyewe. Mzigo ukimshinda kubeba, anaukatakata na kuupandisha mtini vipande vipande.

Mcheki hapa

1. Kichwani ana kishungi cha manyoya. Akishtuka kinasimama kama taji, ndiyo maana ya jina.
2. Mgongo ni mweusi-kijivu. Kifua na tumbo vina mabaka na milia ya nyeusi, nyeupe na rangi ya kutu.
3. Mabawa ni mafupi na mapana, mkia ni mrefu wenye milia. Umbo hilo linamsaidia kukata kona katikati ya miti.
4. Sauti: anapiga mluzi mkali, tena na tena, akipanda na kushuka angani juu ya msitu. Mara nyingi utamsikia kabla umwone.
5. Kima wakianza kupiga kelele ghafla na kujificha kwa majani, inua macho. Huenda wamemwona kabla yako.

Usimchanganye na hawa

Tai mkubwa wa nyika ana kichwa na kifua cha kahawia, tumbo jeupe lenye vidoa vidogo, mabawa marefu na mkia mfupi. Huyo ni wa mahali wazi. Watoto wa hawa wawili ndio huchanganya watu, maana wote ni weupe kichwani na tumboni. Cheki miguu: mtoto wa mwenye taji ana madoadoa, wa nyika ni nyeupe safi.

Halafu kuna yule mweusi mwenye shungi refu linalopepea, anayependa kukaa juu ya nguzo za stima. Huyo ni mdogo, na anadishi panya sana. Ukimpiga, umejiharibia shamba mwenyewe.

Anaishi wapi?

Ukambani ni kukavu, lakini juu ya milima kuna ukungu na miti mikubwa. Huko ndiko kwake. Upande wa Makueni, anza na Chyulu, milima inayopita mita 2,000 na ambayo maji yake yanaibukia Mzima Springs, yanakotoka maji ya Mombasa. Upande wa Kitui, tafuta kwenye misitu ya vileleni kama Mutito na Endau. Ukishuka chini kwenye migunga na vumbi, kama South Kitui National Reserve, tarajia yule wa nyika.

Shida ni kwamba misitu hii ni kama visiwa. Mti mkubwa ukikatwa uwe makaa, hasara haiishii kwa mti, maana kiota chake ni rundo la vijiti ambalo hurudiwa na kuongezwa miaka na miaka. Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti mwaka wa 2018, enzi za Gavana Charity Ngilu. Ujue basi kelele za makaa hazikuanza jana.

Anakula nini?

Kima, tumbili, pimbi na swala wadogo wa msituni. Ndiyo, mwanambuzi pia anaweza kubebwa, tusidanganyane. Lakini muulize mkulima yeyote wa maembe Makueni nani humsumbua, atakutajia tumbili. Tai huyu ni kati ya wachache wanaowawinda.

Na kitambo, hata sisi tulikuwa kwa menyu. Fuvu la mtoto wa Taung, lililopatikana Afrika Kusini mwaka wa 1924, lina alama ndani ya matundu ya macho zinazofanana na zile ambazo tai huyu huacha kwa mafuvu ya kima. Mtoto huyo wa jamii ya mababu zetu aliishi zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Kwa nini ujali

Hesabu ni hii. Jike hutaga yai moja ama mawili, na hata yakianguliwa yote, kwa kawaida anabaki kifaranga mmoja. Huyo analishwa na wazazi karibu mwaka mzima baada ya kuanza kuruka. Kwa hivyo wazazi wengi hulea mtoto mmoja kila miaka miwili. Kuku wako atajaza banda kwa msimu mmoja, tai hawezi.

Ukimwona, fanya hivi

Piga picha, hasa tumbo, mkia na miguu. Uitume kwa Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi nzima. Ukipata kiota, usiposti mahali kilipo. Wana-mbuzi wadogo wafungie kwa banda lenye paa, na uwaombe watu wa boma waache sumu na mawe. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya 2013, na ukipelekwa kortini, "nilidhani ni mwewe" haitakusaidia.